Kongoro, mafuta ya samaki na jongoo bahari: kilichopimwa ni dozi, si mnyama

Supu ya kongoro ikilala usiku mmoja sufuriani, asubuhi huikuti supu. Unakuta kitu kilichoganda, kinachotikisika ukiigusa sufuria, kinachong'ang'ania upawa. Kwa watu wengi wa Unguja na Pemba hiyo ndiyo hoja yenyewe: kitu kinachonata namna hii hakikosi kulainisha goti lililokauka. Mguu wa ng'ombe utautengeneza mguu wa mtu. Na hoja hiyo hiyo, ikivishwa lebo nzuri, ndiyo inayouza kolajeni ya unga, gegedu la papa, vidonge vinavyotokana na maganda ya kamba na kaa, na mafuta ya samaki. Sasa wapo wanaotaka jongoo bahari naye aingie kwenye chupa.

Kilichoganda pale sufuriani ni jeletini. Kolajeni, protini iliyomo kwenye ngozi, kano na gegedu za mguu wa ng'ombe, imesokotwa mfano wa kamba ya nyuzi tatu. Moto wa saa tatu au nne huifumua kamba hiyo, nyuzi zikaachana, na zikipoa hunasana ovyo na kuyafunga maji ndani yake. Ukiinywa supu, tumbo na utumbo huzikata nyuzi hizo tena na tena mpaka zibaki chembe ndogo ndogo za protini, kisha damu ikazisambaza mwili mzima. Hakuna njia maalumu ya kutoka tumboni kwenda gotini. Supu ya kongoro ni chakula kizuri chenye protini, na mgonjwa anayeinywa bila chumvi nyingi hana cha kujutia. Dawa ya gegedu lililolika, hapana.

Hayo hayana maana kwamba kwa mnyama hakuna dawa. Ipo, na moja angalau ina ushahidi mzuri, nitaifikia. Shida ni kwamba tunabishana juu ya mnyama, yupi anatibu na yupi hatibu, ilhali kilichopimwa kwenye majaribio ni kitu mahsusi: sehemu fulani ya mnyama, iliyotayarishwa namna fulani, kwa miligramu fulani, kwa maradhi fulani. Badilisha kimoja katika hivyo vinne na umeshika kitu kingine, ambacho matokeo ya jaribio lile hayakihusu.

Tuanze na maradhi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea kabla hata hawajafika dukani. Kwetu kila maumivu ya viungo ni baridi, au baridi yabisi. Ndani ya jina hilo moja mna maradhi matatu yasiyofanana. La kwanza ni kuchakaa kwa viungo, lile tunalosema magoti yanasagika. Gegedu linalofunika ncha za mifupa huliwa taratibu, mfupa ukavimba pembezoni, na maumivu huja ukitembea na kupungua ukipumzika. Asubuhi kiungo hukaza, lakini aghalabu kwa chini ya nusu saa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nalo. La pili ni baridi yabisi hasa, ambapo kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani ya viungo. Hili hupenda vidole na viganja, kulia na kushoto kwa pamoja, na mkazo wa asubuhi hupita nusu saa, mara nyingi saa nzima na zaidi. Lisipozuiwa mapema, mifupa huanza kuliwa katika miaka miwili ya mwanzo, na kidole kilichopinda hakinyooki tena kwa dawa. La tatu ni jongo, chembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya kiungoni, aghalabu kwenye kidole gumba cha mguu, likaja usiku mmoja kwa maumivu ambayo hata shuka haligusiki.

Mwenye jongo akishauriwa anywe supu za maini, ale kome na dagaa kwa wingi ili "apate mafuta ya viungo", anaongezewa kile kile kinachomuumiza, kwa kuwa vyakula hivyo vina purini nyingi, na purini ndizo mwili unazozigeuza kuwa asidi ya yuriki. Mwenye baridi yabisi akishauriwa miezi sita ya gegedu la papa, miezi sita ile ndiyo aliyokuwa anaihitaji kwa dawa kama methotrexate, inayomezwa mara moja tu kwa wiki. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, pamoja na homa, si cha kuchuliwa mafuta wala kukandwa. Huenda kina usaha ndani, na usaha hula gegedu kwa siku, si kwa miaka. Huyo ni wa hospitali siku ile ile.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya chupa yanapokuwa na maana.

Turudi kwa kolajeni, maana ipo moja inayofanya kazi kwa njia tofauti kabisa na supu. Hutolewa kwenye gegedu la kidari cha kuku, huandaliwa bila moto mkali ili ile kamba ya nyuzi tatu isifumuke, na dozi yake ni miligramu 40 tu kwa siku, kiasi kisichofika hata ncha ya kijiko. Nia yake si kulilisha goti. Kinachotazamiwa ni kwamba protini hiyo ikipita utumboni ikiwa nzima, chembe za kinga zilizopo pale zitaizoea, na zikiizoea zitapunguza ukali kwa kolajeni ya kwenye viungo vyako mwenyewe. Jaribio lililotolewa mwaka 2016, la watu 191 wenye magoti yaliyochakaa kwa siku 180, lilionyesha nafuu kuliko kidonge kitupu. Lakini fedha zilitoka upande wa wauzaji, na jaribio moja la namna hiyo halitoshi kuniaminisha. Kilicho wazi ni kwamba ukilichemsha gegedu hilo, hoja yote imekufa. Na ile kolajeni ya unga ya gramu 10 kwa siku, inayouzwa kwenye makopo makubwa, ni ile iliyokwisha kukatwa vipande. Kikemia iko karibu zaidi na supu yako kuliko na zile miligramu 40. Mtu anayenunua kopo la unga kwa sababu amesoma habari za kidari cha kuku amenunua bidhaa nyingine.

Maganda ya kamba nayo yana kisa cha namna hiyo. Glukosamini inayouzwa madukani nyingi hutokana nayo, pamoja na maganda ya kaa. Kiwandani maganda husafishwa, chokaa ikaondolewa kwa asidi iliyozimuliwa, protini ikaondolewa kwa magadi makali, na kinachobaki ni kitini. Kitini hupashwa moto ndani ya asidi kali ya haidrokloriki mpaka ikatike kuwa glukosamini, ndipo ikaushwe iwe fuwele. Mtu anayekausha maganda ya kamba juani, akayatwanga na kuyakoroga kwenye uji, anakula kitini na chokaa. Tumbo la binadamu halina asidi ya kufanya kazi ya kiwanda kile. Kondroitini, mwenzake wa kwenye kidonge kimoja, hutolewa kwenye gegedu, hasa la koo la ng'ombe, la nguruwe, la kuku au la papa.

Na je, hivyo vilivyotayarishwa sawasawa vinatibu? Jaribio kubwa linalotajwa mno ni la Marekani, lililotolewa mwaka 2006, la wagonjwa 1,583 wa magoti kwa wiki 24. Kipimo cha mafanikio kilikuwa maumivu kupungua kwa angalau asilimia 20. Waliokunywa glukosamini miligramu 1,500 na kondroitini miligramu 1,200 kwa siku, waliofanikiwa walikuwa asilimia 66.6. Waliokunywa celecoxib, dawa ya kawaida ya maumivu, asilimia 70.1. Waliokunywa kidonge kitupu kisicho na chochote, asilimia 60.1.

Nambari hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa utulivu. Watu sita katika kila kumi walipata nafuu kwa kidonge kitupu. Hawakudanganya. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, mtu huanza dawa siku ambayo maumivu yako juu, na matumaini nayo yana nguvu ya kweli mwilini. Kwa hiyo jirani anapokuapia kwamba kidonge fulani kimemrudisha kusimama kwenye sala, anasema kweli kuhusu goti lake, lakini bado hajakuambia chochote kuhusu kidonge. Ndani ya jaribio lile, kikundi kidogo chenye maumivu makali kilionekana kunufaika zaidi na mchanganyiko wa glukosamini na kondroitini, asilimia 79.2 dhidi ya 54.3, na nambari hizo mbili ndizo wauzaji wanazozibandika kila mahali bila kuzitaja zile nyingine. Mwaka 2016 jaribio la Ulaya la watu 606 lilikuta mchanganyiko huo unalingana na celecoxib baada ya miezi sita. Halikuwa na kundi la kidonge kitupu, na mfadhili alikuwa mtengenezaji. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilishauri kwa nguvu dhidi ya glukosamini kwa magoti na nyonga. Nami naona hivyo: kwa mzee mwenye fedha za kuhesabu, hiki si kitu cha kuanza nacho.

Kabla ya kuondoka hapo, tahadhari mbili. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda asiguse glukosamini bila kumwambia daktari, kwani zipo taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi. Na mwenye shinikizo la damu asome lebo ya glukosamini salfeti, kwa kuwa aina hiyo mara nyingi hutulizwa kwa chumvi ya kawaida.

Sasa mafuta ya samaki. Hapa ndipo penye ushahidi mzuri kuliko kwengine kote, na ndipo watu wanapokosea hesabu.

Kinachofanya kazi ni mafuta mawili ya omega-3, yanayoandikwa EPA na DHA. Mwili huyatumia badala ya mafuta mengine kutengeneza vichocheo vya uvimbe, na vichocheo vinavyotokana nayo huwa vipole zaidi. Yamesaidia kwenye baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili, si kwenye magoti yaliyosagika. Dozi iliyoonyesha nafuu ni gramu 2.7 na zaidi za EPA na DHA kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Huko Adelaide, Australia, wagonjwa 140 walioanza baridi yabisi karibuni walipewa ama gramu 5.5 kwa siku ama gramu 0.4, wote wakiwa kwenye dawa zao za hospitali. Jaribio hilo lilitolewa mwaka 2015, na waliopewa dozi kubwa, dawa zao zilishindwa kuwasaidia mara chache zaidi, nao walifika kwenye utulivu wa maradhi kwa wingi zaidi. Pamoja na dawa zao, si badala yake. Watafiti wa mji huo huo wakajaribu kwa magoti yaliyochakaa, watu 202, gramu 4.5 dhidi ya 0.45. Baada ya miaka miwili waliopewa dozi ndogo ndio waliokuwa na maumivu madogo zaidi. Mafuta yale yale, mji ule ule, maradhi tofauti.

Hesabu ni hii. Kidonge cha kawaida kimeandikwa miligramu 1,000 kwa herufi kubwa mbele ya chupa. Hiyo ni uzito wa mafuta yote. Geuza chupa nyuma, soma kwa herufi ndogo: EPA 180, DHA 120. Jumla ni miligramu 300. Kufikia gramu 2.7 unahitaji vidonge tisa kwa siku, na chupa ya vidonge 60 itakwisha kabla ya wiki. Anayemeza kimoja kwa siku na kusema "nimejaribu mafuta ya samaki, hayakunisaidia" amejaribu sehemu moja ya tisa. Zipo chupa zenye mafuta yaliyokolezwa, na bei yake ya juu mara nyingi hugeuka nafuu ukigawa kwa miligramu za EPA na DHA badala ya kwa idadi ya vidonge. Mafuta haya huharibika kwa joto na mwanga. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka mwezi wa Februari, kidonge kimoja kitoboe ukinuse. Harufu ya samaki mbichi si neno. Harufu ya uvundo, ya mafuta yaliyochacha, ni ya kurudisha dukani.

Mtu asifikirie kukwepa gharama kwa kunywa mafuta ya ini. Mafuta ya mwili wa samaki na mafuta ya ini ni vitu viwili. Mafuta ya ini yana vitamini A nyingi. Kijiko cha chai cha yale yanayouzwa kwa jina la cod liver oil huweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 1,300, na kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 3,000. Vijiko vitatu, ambavyo ndivyo ungehitaji kufikia dozi ya omega-3, vimekwisha kuvuka. Ikiendelea miezi, ini na mifupa hudhurika, na kwa mama mjamzito mtoto ndiye anayeumia. Sifa, ile ya ini la papa inayopakwa vyombo, haina lebo wala kipimo. Mafundi wa majahazi wanaifahamu kazi yake na kazi yake ni kwenye mbao. Huko Manakara, Madagaska, mwaka 1993 watu wapatao 200 walipata sumu kwa kula nyama ya papa mmoja, na wengi wakafa.

Dagaa na vibua ni njia nyingine. Mafuta mengi ya samaki duniani hukamuliwa kwenye dagaa wa Peru, jamaa wa dagaa wetu wanaokaushwa kwenye majamvi na kupakiwa kwenda Kongo. Kula samaki wa mafuta mara mbili tatu kwa wiki, aliyechemshwa au kuchomwa, ni jambo jema kwa moyo. Dozi ya baridi yabisi haifikiwi hivyo kwa urahisi, na mwenye jongo, kama nilivyosema, dagaa wana hesabu yao.

Vingine vipite haraka. Asidi ya hayaluroniki, inayoweza kutolewa kwenye undu wa jogoo na hupigwa sindano ndani ya goti, ilichambuliwa mwaka 2022 katika majaribio 169. Nafuu ilikuwa ndogo kiasi cha mgonjwa kutoitambua, na madhara makubwa yaliongezeka. Utando wa ndani ya ganda la yai, miligramu 500 kwa siku, una majaribio madogo ya wauzaji. Mafuta ya chatu na ya wanyama wengine ya kuchua, faida yake ni mkono unaochua na joto linalobaki. Nyuki ni jambo zito zaidi. Karibu nusu ya sumu yake kavu ni melitini, ambayo maabara huonyesha inatuliza uvimbe, lakini mtu anayeumwa makusudi na nyuki gotini anaweza kubanwa pumzi na kuanguka ndani ya dakika chache, hata kama mara zilizopita hakudhurika. Asiye na adrenalini pale alipo, miligramu 0.5 za kupigwa kwenye msuli wa paja, asifanye tiba hiyo kwa mtu mwingine.

Na kwa anayedhani cha bahari ni salama kwa kuwa ni cha Mungu na hakikupita kiwandani, Pemba imeshalipa. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Sumu ya kasa haiondoki kwa kuchemsha na haina dawa ya kuivunja. Yeyote anayeuza mafuta ya kasa kwa ajili ya viungo, mbali na kuvunja sheria, anauza kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukitolea dhamana.

Kiwanda nacho kina hatari yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vidonge vya Artri King, vilivyoandikwa kuwa vya mimea na omega-3, vilikutwa na dawa za hospitali za maumivu na uvimbe, diclofenac na dexamethasone, zisizotajwa kwenye lebo. Hii ndiyo ishara ya kuishika kichwani: kitu cha asili kikikuondolea maumivu ya miaka ndani ya siku moja au mbili, kishuku. Hakuna kitu cha mnyama katika nilivyovitaja hapo juu kinachofanya kazi kwa siku mbili. Uso ukianza kuvimba duara, njaa ikazidi, sukari ikapanda, vidonda vya tumbo vikazuka, peleka chupa yenyewe hospitali. Usiache ghafla kama umetumia wiki nyingi, maana mwili uliozoea dexamethasone huacha kutengeneza homoni yake, na kukatisha kwa siku moja kunaweza kumuangusha mtu. Daktari atakushusha pole pole. Chupa hiyo hiyo Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar wanahitaji kuiona.

Anayetaka kujaribu chochote katika vilivyo salama, ajaribu kimoja kimoja. Andika maumivu kwa nambari 0 mpaka 10 kila jioni kwa wiki mbili kabla hujaanza, ili usije ukailinganisha dawa na siku yako mbaya kuliko zote. Pima pia sekunde unazotumia kuinuka kwenye kiti na kukaa mara tano bila kushika. Anza, endelea wiki 12, pima tena. Nambari isiposhuka kwa mbili, fedha hiyo ina kazi nyengine. Na zoezi hilo hilo la kiti, likifanywa mara kumi, asubuhi na jioni, hulitia nguvu paja, na paja lenye nguvu lina ushahidi mkubwa zaidi kwa goti kuliko kila chupa niliyoitaja. Kila kilo moja ya mwili inayopungua hulipunguzia goti karibu kilo nne kwa kila hatua.

Kwa lebo, Muislamu atazame mambo mawili: asili ya kolajeni au kondroitini, na ganda la kidonge. Bovine ni ng'ombe, porcine ni nguruwe, marine ni wa bahari. Ganda laini la mafuta ya samaki ni jeletini, na isipoandikwa ya mnyama gani, uliza.

Nimemuacha jongoo bahari mwisho kwa sababu yeye ni suala la visiwa vyetu kuliko la goti la mtu mmoja. Kituo cha kutotolea viumbe vya bahari cha Beit-el-Ras, kilichojengwa kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Korea, kinatoa vifaranga vya jongoo mchanga, na vizimba vinaongezeka. Jongoo huyu hupasuliwa, hutolewa matumbo, huchemshwa, hufukiwa mchangani usiku kucha ili ngozi ya chokaa ilainike, husuguliwa, huchemshwa tena na kuanikwa mpaka awe mgumu kama mti. Mbichi wa gramu 500 hubaki na gramu 25 hivi. Kisha hupelekwa China kuliwa. Langkawi, Malaysia, wana jadi ya gamat, mafuta na maji ya jongoo wa aina nyingine, yanayouzwa kwa vidonda na viungo, na kutoka huko ndiko linakotoka wazo kwamba nasi tufanye dawa.

Wazo si baya. Ngozi ya jongoo imejaa kolajeni na kondroitini. Lakini kondroitini yake si ile ya koo la ng'ombe. Ina matawi ya sukari iitwayo fukosi, na maabara zimeonyesha kwamba matawi hayo huizuia damu kuganda. Mwaka 2008 dunia ilijifunza jambo hili kwa machungu, pale heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kutoka China ilipochanganywa na kondroitini iliyoongezwa salfeti. Kwenye vipimo vya kawaida ilionekana safi, kwenye mishipa ya wagonjwa wa Marekani ilishusha shinikizo la damu ghafla, na watu wakafa. Badiliko dogo kwenye sukari hiyo hiyo ndilo lililotosha. Jongoo ana pia saponini, silaha yake dhidi ya samaki, zinazopasua chembe nyekundu za damu zikikutana nazo moja kwa moja. Majaribio ya jongoo kwa watu wenye maradhi ya viungo ni machache mno kuweza kuandika neno "hutibu" kwenye lebo yoyote, na Baraza la Tiba Asili lisikubali neno hilo liandikwe kwa sababu tu bidhaa ni ya nyumbani.

Kuna na upande wa bahari. Pauni mweupe na pauni mweusi, aina mbili za jongoo bahari, wako chini ya udhibiti wa biashara wa kimataifa tangu Agosti 2020, kwa kuwa wamevunwa kupita kiasi. Soko la dawa likifunguliwa juu ya jongoo wa kuokotwa, maji yakitoka watu watavua kila aina, na kila chupa itakuwa na kitu chake. Wa kizimbani pekee ndiye anayeweza kujulikana umri, mahali na chakula.

Kwa hiyo kazi ya watafiti wetu wa bahari inaanzia kwenye sufuria, kabla ya chupa: kuchukua sampuli ya jongoo mchanga mbichi, ya maji ya mchemsho wa kwanza, ya mchemsho wa pili, na ya jongoo aliyekauka, kutoka vizimba vile vile wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na kupima kondroitini, saponini, zebaki na risasi katika kila moja.